Vumbi, karanga au kunguni? Kusaka kinachomwasha mtoto wa Kolwezi

Ukimuuliza mzazi wa Kolwezi kwa nini mwanawe anajikuna usiku kucha, au kwa nini ameamka midomo imevimba, jibu la kwanza huwa vumbi. Na nani atambishia? Mji huu wa Kongo ulianzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya shaba, na migodi haijawahi kuupa kisogo. Mwaka 2014 uchimbaji ulifika hadi chini ya vitanda: mtaani Kasulo mkazi mmoja alichimba katika kiwanja chake akakutana na heterojeniti, lile jiwe jeusi lenye kobalti, na muda si mrefu majirani nao wakatoboa sakafu zao. Mashimo yakachimbwa vyumbani na uani, mawe yakarundikwa mlangoni, na watoto wakacheza juu yake kwa sababu hapakuwa na pengine pa kuchezea.

Baadaye wakaja watu wa sayansi na vichupa vya kukusanyia mkojo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Leuven cha Ubelgiji, miongoni mwao Célestin Banza Lubaba Nkulu na Benoit Nemery, waliwapima wakazi 72 wa Kasulo, 32 kati yao wakiwa watoto, kisha wakawalinganisha na watu wa mtaa wa karibu ambao haukuchimbwa. Majibu yalichapishwa mwaka 2018 katika jarida la Nature Sustainability. Kobalti katika mkojo na damu ya watu wa Kasulo ilikuwa juu mno kuliko ya majirani zao, na pengo hilo lilikuwa kubwa zaidi kwa watoto, ambao pia walionyesha dalili za kuharibika kwa DNA. Sababu ya watoto kutangulia haina fumbo. Mtoto hutambaa, huokota, hulamba vidole.

Nimeanza na Kasulo kwa sababu ni rahisi sana kuuchukua utafiti ule ukautumia kueleza kila kipele cha kila mtoto wa mkoa wa Lualaba. Ulichopima ni sumu. Mzio ni kesi nyingine. Sumu ikizidi kiasi haibagui: itamgusa baba, mama na mtoto, kila mmoja kwa kadiri alivyoimeza. Mzio humchagua mmoja katika nyumba ya watu wanane, kinga ya mwili wake ikakiona chakula cha kila siku kuwa adui, na chembe ndogo ikatosha kuwasha moto wote. Mtoto wa Kasulo anaweza kubeba kobalti nyingi mwilini asiwe na mzio hata mmoja. Mwenzake anayeishi mbali na shimo lolote anaweza kuzidiwa kwa kijiko kimoja cha uji wa karanga.

Hata hivyo kobalti haiwezi kuachiwa huru moja kwa moja. Wasuguaji wa almasi wa Antwerp waliokuwa wakitumia visahani vyenye kobalti walipata pumu kutokana na vumbi lake, na madaktari wa Ubelgiji waliandika habari zao tangu miaka ya 1980, miaka mingi kabla dunia haijasikia jina la Kasulo. Kwenye ngozi, kobalti hutembea pamoja na nikeli, madini ya hereni za bei nafuu na vifungo vya suruali. Mtoto wa kike aliyetobolewa masikio angali mchanga, ndewe zikaanza kutoa maji na magamba, huenda tatizo lake liko kwenye hereni hiyo hiyo aliyoletewa na shangazi kwa furaha.

Lakini mzio wa metali una saa yake, na saa hiyo huenda polepole. Kipimo chake ni cha kubandika kiasi kidogo cha metali mgongoni kwa siku 2, kikasomwa kinapobanduliwa na kusomwa tena siku ya tatu au ya nne. Ngozi inakuwa nene, inapasuka, inawasha pale pale ilipogusana na kitu. Haileti mabaka yanayozuka mwili mzima dakika 20 baada ya chakula cha mchana. Mtoto wa namna hiyo hana kesi na kobalti. Kitu kingine kimemgusa, na hapo ndipo kazi ya upelelezi inapoanza.

Tuseme mtoto ana mwaka mmoja na nusu. Jumamosi saa 7 mchana amekula bukari (ugali), samaki wa Thomson, sombe (kisamvu) iliyotiwa karanga, na kipande cha yai alichomegewa na dada yake. Saa 8 haijafika mgongo umejaa mabaka yaliyoinuka, jicho moja limefumba, anajikuna na kulia. Bibi anasema ni yai. Mama anamshuku samaki. Baba, ambaye ndiyo kwanza anatoka shimoni, anasema vumbi. Jirani aliyeingia kuchungulia anasema ni sabuni mpya. Kila mmoja ana hoja, na kama hakuna anayeuliza maswali kwa mpangilio, mtoto atanyimwa kila chakula kinachoshukiwa kuanzia Jumapili.

Daktari wa mzio huanza na saa. Mzio wa chakula wa aina ya haraka huja ndani ya dakika chache hadi saa 2 baada ya kula. Kilicholiwa jana usiku hakiwezi kulaumiwa kwa mabaka ya leo mchana. Kuna aina nyingine, ambapo mtoto mchanga hutapika mfululizo saa 1 hadi 4 baada ya chakula na kulegea kama kitambaa, bila kipele hata kimoja. Hiyo mara nyingi hudhaniwa kuwa malaria au chakula kilichoharibika. Na kuna ukurutu, ambao huweza kuchochewa na chakula kwa baadhi ya watoto lakini huchukua saa nyingi au hata siku, ndiyo maana kumtafuta mchochezi wake kwa kukumbuka tu ni kazi bure.

Swali la pili: je, amewahi kula kitu hicho bila shida, na amekila tena tangu siku ile? Kama yule mtoto hula karanga kila juma, kwenye uji na kwenye mboga, na bado anakula leo bila lolote, karanga zimejitetea zenyewe. Kama yai ndiyo mara yake ya kwanza au ya pili kuonja, macho yote yaelekee huko. Watu wengi hudhani mzio lazima utokee mara ya kwanza kabisa. Mwili unahitaji kukijua kitu kwanza, na mtoto huweza kukijua kupitia maziwa ya mama au hata kupitia ngozi yenye ukurutu kabla hajakipeleka mdomoni.

Swali la tatu linahusu wengine waliokula chungu kile kile, na hapa samaki anastahili kusimama kizimbani peke yake. Thomson anayefika Kolwezi ni samaki wa bahari ya mbali, mara nyingi wa pwani ya Namibia, aliyegandishwa na kusafirishwa nchi kavu maelfu ya kilomita. Barafu ikiyeyuka njiani au kwenye friji ya muuzaji umeme ulipokatika, bakteria hutengeneza histamini ndani ya minofu, ile ile kemikali ambayo mwili wenyewe huimwaga wakati wa mzio. Kupika hakuiondoi. Anayemla samaki huyo huwashwa, huumwa kichwa, uso hupata joto, ulimi ukachonyota kama amekula pilipili, na kila mtu atasema ana aleji ya samaki. Basi uliza: dada mtu je? Bibi je? Kama wawili watatu waliwashwa midomo siku ile, tatizo ni la friji. Mtoto hana mzio wa samaki, na hakuna sababu ya kumnyima ndagala waliokaushwa maisha yake yote.

Halafu kuna swali ambalo wazazi hawapendi kuulizwa kwa sababu linaonekana kama linapoteza muda: alikuwa na homa au mafua wiki ile? Kwa watoto wadogo, maambukizi ya virusi ni miongoni mwa sababu kubwa kabisa za mabaka ya kuwasha, na mabaka hayo huja na kuondoka kwa siku kadhaa hata kama mtoto hajala kitu kipya. Na kama alikuwa na homa, alipewa dawa gani? Amoksilini iliyonunuliwa dukani bila cheti, au Bactrim iliyobaki ya kaka yake, ni washukiwa wa kweli. Tena inafaa kuandika jina la dawa, siku ya dozi ya kwanza na siku vipele vilipotokea, kwa sababu mtoto aliyeandikiwa "mzio wa penisilini" kwa makosa atabeba maandishi hayo hadi uzeeni, akipewa dawa za ghali na kali zaidi kila atakapougua.

Ngozi yetu nyeusi nayo ina namna yake ya kuficha ushahidi. Vitabu vingi vilivyoandikwa Ulaya vinamwambia muuguzi atafute wekundu. Kwa mtoto wa Kolwezi wekundu hauonekani vizuri. Pitisha kiganja polepole mgongoni chini ya mwanga wa pembeni utasikia vivimbe kabla hujaviona. Kisha chukua biki, zungushia mstari baka moja, na upige picha kwa simu ili saa ijiandike yenyewe. Baka la mzio huhama: kesho yake saa hiyo hiyo ndani ya mstari ule hapatakuwa na kitu, hata kama mengine yametokea pajani. Kama kivimbe bado kipo pale pale baada ya siku mbili tatu, kigumu, chenye kinundu au tundu dogo katikati, umeshampata mtu mwingine kabisa.

Mtu huyo ni mdudu. Mbu, kiroboto, kunguni. Watoto wa kati ya miaka 2 na 10 huweza kuwa na ngozi inayochukia mate ya wadudu hawa kiasi kwamba kila panapoumwa huinuka kipele cha kuwasha kinachodumu wiki nzima, na akiumwa kipya, vile vya zamani huamka navyo. Huja makundi makundi miguuni, mikononi na kiunoni pale nguo inapobana. Jambo linalowapoteza wazazi ni kwamba ndugu watatu hulala godoro moja na mmoja tu ndiye anayevimba. "Kama ni kunguni, mbona wenzake hawana?" Wanaumwa vile vile, ila ngozi zao hazilalamiki. Nadhani hakuna kosa linalorudiwa zaidi kuliko hili: mama anaondoa nyanya, anaondoa soya, anaondoa yai, na kunguni wanaendelea kulala na mtoto.

Turudi kwenye chakula, maana wapo watoto ambao kweli wana mzio wa chakula, na kwao jambo hili ni la kufa na kupona. Mjini Cape Town, utafiti uliowapa watoto wa mwaka 1 hadi 3 chakula chenyewe mbele ya madaktari ulikuta wenye mzio wa kweli ni asilimia 2.5, na katika vijiji vya Eastern Cape asilimia 0.5. Yai lilitangulia, karanga zikafuata. Ni wachache, lakini ni watoto halisi, na orodha ya washukiwa wao duniani kote ni fupi: yai, maziwa ya ng'ombe, karanga, ngano, soya, samaki, kamba na jamii yake, ufuta, korosho na njugu nyingine za miti. Maziwa hujitokeza mapema, mara nyingi siku kopo la kwanza la unga linapofunguliwa baada ya miezi ya ziwa la mama peke yake.

Kwa Lualaba ningeongeza kitu ambacho orodha za Ulaya hazikijui: viwavi. Msimu wa mvua ukishika kasi, finkubala huuzwa kwa mabakuli sokoni na pembeni mwa barabara ya kwenda Likasi, wabichi na waliokaushwa, na mtoto hupewa kama karanga za kutafuna. Ni chakula bora, kimejaa protini. Lakini nchini Botswana madaktari wameeleza katika majarida ya tiba wagonjwa waliovimba na kuishiwa pumzi baada ya kula viwavi wa mopani, ndugu wa hawa wetu. Ndani ya misuli ya kiwavi mna protini iitwayo tropomayosini, inayofanana sana na ile ya kamba, ya mende na ya utitiri wa vumbi. Mtoto ambaye kinga yake imejifunza kumchukia mende wa jikoni anaweza kumchukia kiwavi wa bakulini bila kuwahi kumwonja.

Minyoo ya tumboni nayo ina protini hiyo, na hapa ndipo vipimo vya damu vinapoanza kusema uongo. Kipimo hicho hutafuta kingamwili za IgE dhidi ya chakula fulani. Tatizo ni kwamba IgE ndiyo silaha ya mwili dhidi ya minyoo na kichocho pia. Nchini Ghana watafiti walipima watoto wengi wa shule wakakuta wenye IgE ya karanga ni wengi, lakini walipowachoma ngozi kwa dondoo ya karanga wachache mno waliitikia, na watoto walikuwa wakila karanga bila shida yoyote. Kingamwili zao zilikuwa zimejifunza kutokana na kichocho zikajikuta zinashika sukari zinazofanana ndani ya karanga. Kwa mtoto wa Kolwezi, karatasi ya maabara yenye alama ya kujumlisha mbele ya neno karanga, bila historia ya mtoto kuumwa baada ya kuzila, haina thamani ya kumvunjia mama kichwa. Binafsi ningeshauri wasafiri wanaokwenda Lubumbashi au Afrika Kusini kununua orodha ya vipimo 40 kwa mkupuo waache. Pima kile unachokishuku, basi.

Uhusiano wa minyoo na mzio una utata zaidi ya huo. Mjini Entebbe, Uganda, wanawake wajawazito 2,507 waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa dawa ya minyoo na wengine kidonge kisicho na dawa. Watoto wa waliotibiwa kwa albendazoli walipata ukurutu zaidi utotoni, taarifa iliyotolewa mwaka 2011 na kundi la Harriet Mpairwe na Alison Elliott. Hakuna anayesema minyoo ibaki tumboni. Ila inaonyesha kwamba kinga ya mtoto huanza kupangwa kabla hajazaliwa, na kwamba majibu yaliyopatikana kwa watoto wa London hayawezi kubebwa yalivyo hadi Manika au Dilala, hapa Kolwezi.

Kipimo cha kuchoma ngozi kina faida yake, na hakihitaji mashine. Mtoto hulazwa mapajani kwa mama, mkono ukasafishwa. Muuguzi huandika namba ndogo kwa kalamu ndani ya kigasha, akadondosha tone moja kando ya kila namba, kisha akachoma kupitia kila tone kwa sindano fupi isiyofika kwenye damu. Tone moja ni maji ya chumvi, ambayo hayapaswi kufanya kitu. Jingine ni histamini, ambayo lazima ivimbe. Isipovimba, mtoto amepewa dawa ya mzio siku chache nyuma na kipimo kizima kimeharibika. Baada ya dakika 15 kivimbe kinapimwa kwa rula. Kikizidi cha maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi kinahesabiwa. Kwa chakula kisicho na dondoo ya dukani, kama finkubala, sindano huchomwa kwanza ndani ya chakula chenyewe kisha kwenye ngozi. Hata hapo, kivimbe peke yake hakimhukumu mtoto. Kinaunga mkono au kinapinga kile daftari la mama lilichokwisha kusema.

Daftari ndilo lenye uzito. Tarehe, saa ya kula, kilicholiwa na jinsi kilivyopikwa, saa ya dalili, dalili zenyewe, dawa, mahali. Namna ya kupika ina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Karanga za kukaanga huchokoza zaidi kuliko za kuchemsha, na watoto wengi wenye mzio wa yai la kuchemsha hustahimili yai lililookwa ndani ya keki. Kukiwa na mshukiwa mmoja mwenye ushahidi, ndipo anaondolewa: yeye peke yake, kwa wiki 2 hadi 4, na kila kitu kingine kinabaki mezani. Kisha anarudishwa. Hatua hiyo ya kurudisha ndiyo wazazi wengi huiruka, kwa hofu inayoeleweka, na bila hiyo hakuna kilichothibitishwa; mtoto angeweza kupona kwa sababu mafua yamekwisha. Kwa ukurutu au tumbo la kusumbua, mama anaweza kumrudishia nyumbani baada ya kushauriana na muuguzi. Kwa mtoto aliyewahi kuvimba midomo, kupumua kwa shida au kuzimia, hapana, kamwe nyumbani. Huyo hurudishiwa hospitalini, kwa chembe inayoongezwa kila baada ya dakika 15 hadi 30, sindano ya adrenalini ikiwa imeshavutwa tayari.

Ninalisisitiza hili la kuondoa kitu kimoja kwa sababu ya mahali tulipo. Nchini Kongo zaidi ya watoto 4 kati ya 10 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Yai, karanga, samaki na viwavi ndivyo vitu vinavyoweza kuwekwa juu ya bukari ili mtoto akue, na ndivyo vinavyoondolewa kwanza mtu akitamka neno aleji. Mwaka 2015 kundi la Gideon Lack mjini London lilichapisha matokeo ya watoto 640 wenye hatari kubwa: waliopewa karanga mapema na mfululizo walipata mzio wa karanga pungufu kwa takriban asilimia 80 kuliko walionyimwa hadi miaka 5. Kwa hiyo kumnyima mtoto mwenye ukurutu karanga "kwa tahadhari" huenda ndiko kunakomtengenezea ugonjwa. Bibi zetu waliotia unga wa karanga kwenye uji wa mtoto wa miezi 6 hawakuwa wamesoma jarida lolote, na hawakukosea. Kusagwa tu ni lazima, maana karanga nzima humkaba mtoto.

Upande wa kifua, msimu ndio unaosema. Utitiri wa vumbi, wadudu wasioonekana kwa macho wanaoishi kwenye magodoro, hawaishi bila unyevu. Hewa ikikauka chini ya nusu ya unyevu wake hufa. Mtoto anayekoroma kifua na kupiga chafya alfajiri katika miezi ya mvua, Desemba hadi Machi, ana sababu ya kuwashuku utitiri, mende na ukungu wa ukutani. Anayebanwa Juni hadi Septemba, malori yanapotimua vumbi jekundu na baridi ya asubuhi inapowafanya watu waingize babula (jiko la makaa) chumbani, huenda hana mzio wowote: moshi wa makaa na vumbi vinamkwaruza tu njia ya hewa. Mabomba ya dawa ya pumu hufanya kazi kwa wote wawili, na kwa mtoto mdogo hayafai bila chombo cha kuvutia dawa. Heather Zar na wenzake mjini Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, ikitobolewa tundu na kuzibwa vizuri, inafanya kazi sawa na vile vya kiwandani. Babula itoke nje. Sakafu imwagiwe maji kabla ya kufagiliwa. Baba anayetoka shimoni avue nguo na kunawa kabla ya kumbeba mtoto. Hayo hayatibu mzio, lakini kwa ile kobalti iliyokutwa kwenye mkojo wa watu wa Kasulo yanahitajika.

Dawa inayopewa kwa haraka kuliko zote ni promethazini, kwa sababu mtoto analala na nyumba inatulia. Kwa mtoto chini ya miaka 2 ni hatari, inaweza kusimamisha pumzi. Na mzio mkali hautibiwi kwa dawa ya kulaza. Mabaka pamoja na kutapika mfululizo, sauti kukauka, kifua kubana au mtoto kulegea ghafla, hayo yanahitaji adrenalini ndani ya msuli wa paja upande wa nje: miligramu 0.01 kwa kila kilo, yaani kwa mtoto wa kilo 10, sehemu moja ya kumi ya mililita ya ile ampuli ya miligramu 1 kwa mililita. Inaweza kurudiwa baada ya dakika 5 hadi 15. Mtoto alazwe chali miguu ikiinuliwa, au akae kama hawezi kupumua akilala, na asisimamishwe wala kubebwa wima mgongoni kwenye pikipiki. Kalamu za kujichoma zinazoonekana kwenye filamu hupatikana katika theluthi moja tu ya nchi za dunia, lakini ampuli ni ya bei ndogo na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mzazi ana haki ya kuuliza kituo cha afya cha mtaani kwake kama ipo leo, kabla haijahitajika.

Vyote hivi vina mahali pa kuandikwa. Kampuni ya migodi ya Union Minière ilipoamua mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwaweka wafanyakazi kambini pamoja na wake zao, ilileta na kliniki za kupima watoto uzito, na mazoea ya kwenda kilo yamebaki hata baada ya kampuni yenyewe kugeuka Gécamines na kambi kuchakaa. Ukingoni mwa kadi ya kilo panatosha mstari mmoja: chakula, tarehe, kilichotokea. Mstari wa yai ndio usiopaswa kukosekana, kwa sababu akifika miezi 9 mtoto huchanjwa surua na homa ya manjano siku moja. Chanjo ya surua haina shida kwa mwenye mzio wa yai. Ya homa ya manjano hutengenezwa ndani ya mayai, na aliyewahi kuzidiwa kwa yai lazima aonwe kwanza na daktari. Na kando ya kila chakula kilichokatazwa iandikwe tarehe ya kujaribu tena, kwa uangalizi, maana mzio wa yai na wa maziwa humwachia mtoto mara nyingi kabla au baada kidogo ya kuanza shule, wakati ule wa karanga na wa samaki huelekea kudumu.